Maswali Ninayoulizwa Kila Mara kwa Kuwa Injinia Mwanamke

Nimefanya kazi za barabara kwa miaka mingi, nyingi za wilayani na vijijini hapa Tanzania, mara upande wa mkandarasi, mara upande wa mshauri anayesimamia. Maswali haya hunikuta kwenye basi, msibani, kwenye vikao vya wazazi, na zaidi kutoka kwa wasichana wa kidato cha tano na cha sita. Nimechoka kuyajibu nusunusu. Haya ni majibu yangu mimi. Injinia wa umeme au wa mgodini atakupa mengine.

Kwa hiyo unachora nyumba?

Hapana. Anayechora nyumba ni msanifu majengo. Mimi ni mhandisi ujenzi, na ndani ya ujenzi nimeangukia barabara: tuta, changarawe, lami, mitaro, makalavati (njia za kupitishia maji chini ya barabara), madaraja madogo. Kazi kubwa ya injinia wa barabara ni kupambana na maji. Barabara nyingi unazoziona zimekatika hazikuuawa na malori peke yake. Maji yaliingia chini ya tuta yakakosa pa kutokea, lori likaja kumalizia. Ukitaka kujua kama barabara ilisimamiwa vizuri, usiangalie lami, shuka kwenye mtaro.

Uliingiaje huku?

Kidato cha tano nilichukua PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati ya juu, kwa sababu alama zangu zilikuwa huko. Sikuwa na ndoto ya utotoni. Watu wanapenda kusikia ndoto ya utotoni, na nikiwaambia sina huwa nawaona wanapoa.

Hisabati ikinishinda nitakuwa injinia?

Ikikushinda kabisa, hapana, na sitakudanganya. Lakini "imenishinda" ya wasichana wengi ninaokutana nao maana yake ni kwamba mwalimu wa hisabati hakuwepo kidato cha kwanza na cha pili, au alikuwepo na aliuliza wavulana tu. Hiyo hurekebishika. Chuoni utakutana na kalkulasi, nguvu za mihimili, mwendo wa maji, udongo. Ukishafika kazini, hesabu ngumu hufanywa na kompyuta, na wewe unabaki na hesabu ambazo wengi huzidharau: kuzidisha urefu, upana na kina, kisha kujua kwamba jibu ulilopewa haliwezekani. Mkandarasi akikuletea dai la meta za ujazo za kifusi ambazo ukizigawa kwa idadi ya malori yaliyoonekana saiti unapata kila lori lilibeba kama treni, hapo ndipo hisabati inalipa mshahara.

Nipite njia gani?

Ya kwanza ni kidato cha sita kisha chuo kikuu, miaka minne. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973, na siku hizi viko vingine: Mbeya, Dodoma, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na kwingineko. Ya pili ni kuanzia stashahada baada ya kidato cha nne, ukiingia chuo cha ufundi kama kile cha Arusha, kisha uunge shahada. Wanaopita njia ya pili huchekwa kwamba "hawakufika Advance". Mimi nikipewa vijana wawili saiti, mmoja wa stashahada na mmoja wa shahada tupu, wiki ya kwanza namchukua wa stashahada. Ameshashika levo, kile chombo cha kupimia usawa wa ardhi, ameshachafuka.

Nikimaliza chuo naitwa injinia?

Mtaani watakuita. Kisheria bado. Kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 inasema huwezi kufanya kazi kama mhandisi bila kusajiliwa. Ukitoka chuo unasajiliwa kama mhandisi mhitimu. Unafanya kazi chini ya mhandisi aliyekutangulia kwa miaka isiyopungua mitatu, unaandika ripoti zako, unaitwa kwenye usaili, ukipita unakuwa mhandisi mtaalamu na unapata muhuri. Tangu 2003 bodi ina mpango maalumu wa kuwaongoza wahitimu kwa hiyo miaka mitatu, watu wanauita SEAP, na Norway iliwahi kugharimia wasichana kwenye mpango huo.

Nasisitiza usajili kwa sababu hapa ndipo wanawake wengi hupotelea. Shahada anayo, kazi anayo, ila miaka ile mitatu inaangukia kwenye ndoa na mtoto wa kwanza. Daftari la kumbukumbu za mafunzo linakaa kabatini. Miaka sita baadaye mwenzake waliyekaa dawati moja ana muhuri, yeye bado "anasaidia ofisini". Nikikutana na binti wa namna hiyo simuulizi kitu kingine kwanza, namuuliza daftari liko wapi. Jaza ukiwa mjamzito. Jaza ukinyonyesha. Kila robo mwaka mpelekee msimamizi wako asaini, hata kama itabidi umfuate msibani.

Wanaume saiti wanakusikiliza?

Hili ndilo swali nambari moja, na jibu lake ni refu.

Kwenye kalavati moja la boksi tulikuwa na foremani mtu mzima, wa rika la baba yangu, fundi kwelikweli. Jua la saa nane. Vibarua wamechoka, zege linatoka kwenye mashine likiwa zito, na zege zito ni kazi kulisukuma kati ya nondo. Nikamwona kijana anaongeza ndoo ya maji, foremani anatazama pembeni. Kila fundi anajua kwa nini maji huongezwa, na kila injinia anajua yanafanya nini: zege linalainika, linapendeza kumwaga, na nguvu yake inashuka.

Sikupiga kelele. Niliomba koni. Ni chombo cha bati, urefu milimita 300, chini pana, juu jembamba. Unajaza zege tabaka tatu, kila tabaka unalichoma kwa fimbo ya chuma mara 25, unasawazisha juu, unainua koni polepole, unapima zege limeshuka kiasi gani. Lile halikushuka. Lilimwagika likatambaa kwenye sahani hadi likagusa buti yangu.

"Mzee, hili haliingii kwenye boksi."

"Binti yangu, mimi nilikuwa namwaga zege kabla hujazaliwa."

"Ni kweli, na shikamoo tena. Ila cheti cha malipo kinasubiri sahihi yangu mimi."

Vibarua walicheka, na yeye mwenyewe akacheka mwisho. Lile zege likaenda kutandikwa sakafu ya banda la saruji. La pili likaja vizuri, tukajaza makyubu, yaani vipande vya zege vya kupimia nguvu, ya milimita 150 kila upande, tukayazamisha kwenye maji, mengine ya kuvunjwa siku ya 7, mengine siku ya 28. Yalipofaulu nilimpelekea majibu mkononi, akayaangalia kama mwanafunzi anayeangalia ripoti yake. Kuanzia hapo alikuwa ananiita yeye mwenyewe kabla ya kuanza kumwaga.

Utaona sikumshinda kwa ubabe. Nilimpa heshima ya umri wake, ile ya kweli, na nikasimama kwenye kipimo. Wasichana wapya hufikiri lazima wawe wakali, wakoromee watu, watembee kama wanaume. Haihitajiki na inachosha. Mkataba ukikupa mamlaka ya kukataa kazi, na una koni mkononi, sauti ya kawaida inatosha. Asiye na mamlaka kwenye mkataba atadharauliwa hata akiwa na ndevu.

Wabishi kweli siyo vibarua. Vibarua wanataka kazi ikubaliwe walipwe Jumamosi. Kinachochosha ni ofisini: kikao cha wataalamu unatoa hoja, kimya, dakika kumi baadaye mwanaume anairudia ileile na mwenyekiti anamshukuru. Dawa niliyoipata ni ndogo, lakini inafanya kazi. Naandika hoja yangu kabla ya kikao, naituma kwa barua pepe kwa wote, kisha kikaoni nasema, "kama nilivyoandika aya ya pili."

Wanakuitaje?

Injinia, wakishakujua. Kabla ya hapo: dada, madam, mama, sista. Wageni wa mradi hudhani mimi ni katibu muhtasi na huniomba chai. Nawaonyesha birika lilipo.

Na choo?

Afadhali mmeuliza, maana watu huuliza kuhusu ujasiri na hili ndilo linalofukuza wanawake saiti kuliko matusi yote.

Barabara ni saiti ndefu. Unaweza kuwa kilometa ishirini kutoka kambini, kushoto shamba la alizeti lililovunwa, kulia mbuga tupu. Mwanaume anageuka nyuma ya greda, ameshamaliza. Mwanamke anafanya nini? Anaacha kunywa maji tangu asubuhi. Nimewaona mabinti wa mafunzo kwa vitendo wanashinda juani na midomo imekauka, na mwezi wa pili wanaenda zahanati na maumivu ya mkojo. Ukichanganya na hedhi, binti anaomba ruhusa siku tatu kila mwezi "ana malaria", na msimamizi anaandika kwenye ripoti kwamba mahudhurio yake si mazuri.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri aweke huduma za usafi. Wakandarasi wengi wanaelewa hilo kuwa choo kimoja cha mabati kambini. Kwa hiyo siku hizi, mradi nikiukuta bado kwenye hatua ya nyaraka za zabuni, naingia kwenye sehemu ya gharama za awali na kuandika kipengele kinachojitegemea: choo cha wanawake, kinachofungwa kwa ndani, chenye maji na ndoo ya taka yenye mfuniko, na kingine cha kuhamishika kinachofuata kazi inavyosogea. Kikiwa na mstari wake na bei yake, mkandarasi atakijenga kwa sababu asipokijenga hatalipwa. Kikiachwa kwenye maneno ya jumla, "mkandarasi atatoa huduma zote muhimu", usikitarajie. Nimewahi kuulizwa na bosi kama hiyo ni uhandisi. Nilimjibu kwamba amenilipa kwa siku ambazo nilikuwa nahesabu saa za kurudi kambini badala ya kuhesabu tabaka za changarawe, akasaini.

Unavaaje?

Suruali, shati la mikono mirefu, refleksta, helmeti, buti zenye chuma mbele. Tatizo ni saizi: stoo huagiza buti kuanzia namba 41, na buti inayocheza mguuni ni hatari kuliko kandambili. Nunua zako. Wenzangu wanaovaa hijabu hufunga ile nyepesi isiyo na pini, helmeti inakaa juu yake bila shida. Nikienda kikao cha kijiji naweka kanga kiunoni juu ya suruali. Wengine wanaona ni kujishusha, mimi naona nimeingia nyumbani kwa watu.

Unalala wapi huko porini? Huogopi?

Kambini kama ina chumba chenye komeo la kweli, la sivyo gesti ya mjini iliyo karibu na kituo cha mabasi. Naogopa barabara yenyewe usiku kuliko watu. Sisafiri na gari la mradi baada ya magharibi, hata mkurugenzi akipiga simu.

Mtoto je?

Sheria kwanza, kwa sababu wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ndani ya saa za kazi. Mjamzito au anayenyonyesha hapangiwi kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Baba anapata siku 3, na kwa maoni yangu hizo siku 3 zinaeleza mengi kuhusu nani alifikiriwa kuwa atalea. Wenzetu wa Kenya wana miezi mitatu ya mama, hatujapishana sana.

Sasa hali halisi. Saa mbili za kunyonyesha zinamfaa mtu ambaye ofisi iko dakika ishirini kutoka kwake. Mimi nilikuwa mkoa mwingine. Nilikamua maziwa ndani ya gari la mradi, kanga imetundikwa kioo cha dirisha, dereva amesimama mbali kwa adabu akijifanya anakagua tairi. Maziwa yakaingia kwenye boksi la barafu ambalo hapo awali lilibeba soda za kikao, na jioni nikalazimika kuyamwaga mengi kwa sababu nyumbani kulikuwa mbali mno. Nilikuwa nakamua ili yasikauke hadi Ijumaa. Mama yangu ndiye aliyelea. Kila mhandisi mwanamke ninayemfahamu aliyefika mbali ana mwanamke mwingine nyuma yake: mama, mama mkwe, mdogo wake, au dada wa kazi anayelipwa kidogo kuliko thamani yake. Tunapopewa ngao za pongezi hao hawaitwi jukwaani.

Jambo jingine ambalo sheria haikulikamata ni mikataba ya mradi. Wengi wetu tunaajiriwa kwa mradi. Mradi ukimalizika ukiwa likizo ya uzazi, huna kazi ya kurudia, na hakuna aliyevunja sheria. Kama unaweza, panga. Kama huwezi kupanga, na uzazi haupangiki kila mara, hakikisha usajili wako wa bodi uko hai ili mradi unaofuata usikukute na karatasi zilizokwisha muda.

Mumeo anasemaje?

Anasema nikirudi nilete viazi, huko ni bei rahisi.

Mshahara ni sawa na wa wanaume?

Serikalini ngazi ni moja, mshahara ni mmoja. Tofauti inaingilia mlango wa pili: posho za safari na kupangiwa kazi. Bosi anasema "tusimsumbue mama, ana mtoto mdogo", anamtuma kijana. Kijana anapata posho, anapata uzoefu wa daraja, na cheo kikija ana cha kuandika kwenye wasifu wake. Huruma ya namna hiyo nimeikataa mara nyingi, kwa maandishi. Niulizeni kama naweza kwenda, msinijibie.

Kuna wanaoomba rushwa ya ngono?

Wapo. Huwakuta zaidi wasichana wa mafunzo kwa vitendo, wanaohitaji sahihi kwenye daftari na nafasi ya kulala. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imelitaja waziwazi kuwa kosa katika kifungu cha 25, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Najua kupiga simu ni rahisi kuandika kuliko kufanya ukiwa na miaka 22 ugenini. Kwa hiyo ninachofanya kwenye miradi ninayoisimamia ni hiki: hakuna mwanafunzi anayesainiwa na mtu mmoja, na hakuna daftari linalosainiwa nje ya ofisi. Siku ya kwanza natangaza mbele ya wote. Anayelalamika kwamba utaratibu huo unachelewesha kazi namwangalia vizuri.

Kuna faida yoyote ya kuwa mwanamke kwenye kazi hii?

Ipo moja ninayoijua kwa uhakika, nayo ni ya kitaalamu kabisa.

Unapopanga ukubwa wa kalavati unahitaji kujua maji ya masika hufika wapi. Ramani na takwimu za mvua zinasaidia, lakini kwenye vijito vidogo mara nyingi hakuna vipimo. Unauliza wenyeji. Kwenye mkutano wa kijiji wazee wa kiume hukaa mbele na kujibu kwa niaba ya wote: maji hufika hapa, pale hayafiki. Wanawake wako nyuma, chini ya mwembe, na watoto. Mkutano ukiisha mimi huenda kukaa nao. Sehemu moja walinipeleka hadi jiwe wanalofulia nguo, wakanionyesha shina la mti lenye takataka zilizonasa matawini, juu ya kichwa changu. "Mwaka ule yalifika hapo, tulikaa wiki hatujafua." Wazee walikuwa wametaja magoti. Wazee hawakudanganya, masika hawaendi mtoni. Tukaongeza tundu la pili kwenye kalavati.

Wanawake hao hao ndio walioniambia kwamba tuta letu jipya limekata njia yao ya kisimani, na kwamba mwenye ndoo kichwani hawezi kupanda ukingo ule. Tukaweka ngazi za mawe na mahali pa kuvukia. Mwanaume makini angeweza kuuliza pia, na wapo wanaouliza. Ila kwangu walisema bila kuulizwa.

Uhandisi gani unafaa zaidi kwa msichana?

Ule ambao kazi zipo na wewe unaupenda. Ukiniuliza kazi ziko wapi: maji, umeme, reli, na matengenezo ya barabara zilizokwisha jengwa, ambayo hakuna anayeyaonea fahari na hayaishi. Acha kabisa ushauri wa "soma uhandisi wa kukaa ofisini". Ofisi hupewa aliyepita saiti.

Naweza kumleta binti yangu aone kazi?

Mlete. Asije siku ya kumwaga zege, sitakuwa na muda wa kuongea naye. Aje siku ya vipimo vya ushindiliaji: tunachimba kishimo kidogo kwenye tabaka, tunapima udongo uliotoka na kujaza mchanga kujua ujazo wake, na yeye mwenyewe atakokotoa kama mkandarasi amefika asilimia 95 au arudie. Awe na viatu vya kufunika, kofia, maji ya kunywa ya kutosha. Choo kipo.